Mkono Ulionisukuma

Huku juu, Mwatate
Septemba 1996

Kwa mjukuu wangu Crispus,

Pokea salamu nyingi, nyingi kama mawe ya shamba letu, na yale mawe wayajua maana ndiyo yaliyokuvunjia majembe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula, umenawa, na ovaroli yako haijaanza kusimama yenyewe kwa grisi. Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio. Mkufu, yule ng'ombe mkaidi, amezaa. Ndama ni jike na ana doa jeupe usoni, utadhani amechungulia gunia la unga. Hatujampa jina, tunakungoja wewe, ingawa ukimpa jina la lori nitamchinja.

Barua yako ililetwa na Susan, jirani yetu, aliyeichukua posta ya Mwatate alipoteremka kuuza parachichi. Alinikuta nje ya kanisa. Aliinua bahasha juu kama mtu anayenadi kuku, mpaka wote wakajua kwamba Crispus ameandika hatimaye. Akataka kunisomea. Nikamwambia haya macho yalifika darasa la tatu kwa wamishenari na wao hawajaja kudai elimu yao. Akaguna akaenda zake. Nimeisoma mwenyewe, polepole, nikikanyaga neno moja moja kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Na hii pia naandika mwenyewe, kwa kalamu uliyoisahau juu ya kabati. Ukiona herufi zinapanda mlima na kushuka, ni mkono wangu huo, sijaanza ulevi. Humu ndani kuna maneno ambayo sitaki yapite kinywani mwa Susan kabla ya kukufikia wewe, hata kama mwenyewe alikuwepo.

Kwanza nikujibu ya kwako. Nimefurahi kwamba Mama Khamisa hapo Kaloleni, Voi, anakutunza, na kwamba asubuhi hutoki bila mahamri na mbaazi. Mshukuru kwa niaba yangu, na usimshukuru kwa mdomo peke yake. Mtu anayekula kwa watu huteka maji, hufagia uwanja, na wenye nyumba wakiwa kwenye swala huzima redio. Usiwafanye waulize wewe umelelewa na nani. Ile kimanga ya viazi na maharagwe uliyowapikia, unayosema wote walikula kwa adabu, nimeielewa vizuri. Watu wakila kwa adabu ujue maharagwe hayakuiva. Ukija Desemba nitakufundisha upya, na safari hii utakaa jikoni mpaka mwisho.

Halafu huyu Everlyne. Umeandika kurasa mbili kuhusu chuo chenu cha ufundi, na kila nikigeuza naye yupo. Everlyne anakushikia spana, Everlyne anajua kufungua pampu, Everlyne alikwambia uniandikie. Mimi nilipokuwa msichana, kushikia mvulana kitu chochote kulikuwa na maana yake, lakini siulizi. Nimewaza juu yake jioni nzima nikichambua maharagwe. Mwanzoni nilisema, ni msichana wa namna gani huyu anayelala chini ya lori? Kisha nikasema, anayejua kufungua injini mwenyewe hatadanganywa na fundi, wala na mume. Mpe salamu zangu. Mwambie kama ni yeye aliyekulazimisha kuandika, basi katika chuo hicho mwenye akili ni mmoja.

Sasa tuje kwenye lile lililokufanya uandike.

Unasema tangu uliporudi kutoka likizo ya Agosti hakuna injini iliyowaka chini ya mkono wako. Unasema ya wenzako inawaka, ukishika hendeli wewe, yako inakohoa na kunyamaza, na Everlyne akiishika ile ile inanguruma. Unasema Mwalimu Musyimi amekutazama akatikisa kichwa, akakwambia kichwani kazi unaijua vizuri, ila mkono wako umekuwa kama wa mtu anayeshika nyoka. Na mtihani wa gredi mwasimamiwa na mtu wa serikali, kila mmoja na injini yake, aifungue, airudishe, aiwashe. Isipowaka, hupati gredi. Ndiyo ukaandika kwamba hutaufanya. Kwamba utakunja ovaroli uende Bomeni kwa mjomba wako Sylus ukapakie ndizi kwenye malori, maana mtu haendi kwenye mtihani akijua mkono wake umefungwa. Hukusema nani aliyeufunga. Umeandika tu kwamba unaniomba msamaha kwa kunisukuma, na chini yake ukapiga mstari.

Crispus, niliposoma huo mstari nilivua miwani, nikaivaa tena, nikaivua.

Nitaisimulia ile siku mimi, kwa sababu wewe katika barua yako umeisimulia kwa heshima nyingi mpaka haieleweki.

Ilikuwa Jumamosi, na Donald, mzee wa kanisa, alikuwa anamwoza binti yake. Wanawake wa kilima chote walikuwa wamepanga madebe ya mahindi mlangoni mwa mashine yangu ya kusaga kuanzia asubuhi, maana harusi bila unga ni mkutano tu. Wewe ulikuwa umeniambia jana yake kwamba injini inakohoa, filta yake imejaa uchafu, ni lazima ibadilishwe. Nikakwambia subiri harusi ipite. Ukaitikia vizuri kabisa, ndiyo nyanya, na alfajiri nikakukuta umeshaifungua. Vyuma vimetandazwa juu ya gazeti kama nyama ya mgawanyo. Wanasema nina mdomo, lakini siku ile nilinyamaza, nisikuaibishe mbele ya watu. Nikasema moyoni, acha mtoto aonyeshe alichokwenda kusoma Voi.

Ukafunga. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba jua linapanda. Susan akauliza kwa sauti ati je, mahindi yasagwe au yaoteshwe upya. Nikakuona unaharakisha. Ukazungusha hendeli, mara ikawaka, gurudumu likashika kasi na mkanda ukaanza kukimbia. Vigelegele vikapigwa. Nami nikachukua debe la kwanza. Waijua hiyo kazi. Tangu babu yako alete mashine hii, debe la kwanza la siku namwaga mimi, kwa mkono wangu, hata kama ni mahindi ya mtu mwingine. Nikasogea na debe kichwani, nimevaa ile leso yangu ya kijani ya harusi, nimejitanda begani.

Hapo ndipo ulipokuja mbio ukanipiga kikumbo. Hukunigusa tu bega ukasema nyanya pisha. Ulinisukuma kama mtu anavyosukuma mlango uliokwama. Nikaangukia magunia, debe likaenda huko, mahindi yakanimwagikia shingoni mpaka ndani ya nguo, na leso ikanitoka. Na kabla sijainuka injini nayo ikakohoa, ikatoa moshi, ikazima. Susan akacheka. Wengine wakafuata.

Mimi ndiye mwenye ile mashine. Nimeiendesha nikiwa mjane. Nimemsagia chifu, nimemsagia mchungaji, na hakuna mwanamume wala mwanamke aliyewahi kuniangusha chini. Ndipo nikasimama, punje zinanidondoka, nikasema lile neno mbele ya wote. Nikasema mkono ulionisukuma mimi, na tuone ni injini gani utakayoiwasha tena.

Wewe ulirudi kwenye injini. Ulijaribu hendeli, haikuwaka. Ukajaribu tena, haikuwaka. Wanawake wakabeba madebe yao wakateremka nayo Mwatate, na unga wa harusi ya Donald ukachelewa, na nasikia wali uliisha mapema kwa sababu hiyo. Asubuhi yake uliondoka na kisanduku chako bila kuja kuinamisha kichwa nikushike nikubariki. Nilikusikia ukisimama mlangoni. Nilikuwa macho, nami nikageukia ukutani.

Tangu siku ile nikatia kufuli mlango wa mashine. Wakiniuliza, nawaambia injini inapumzika. Fundi mmoja wa Mwatate alikuja na mkoba wake, akasema ataitazama bure. Nikamwambia hata mimi natazama bure, na nikamfukuza. Sikutaka mkono wa mtu mwingine pale. Kwa nini, sikujiuliza. Wanawake wakaendelea kuteremka na madebe na kupanda na unga, na kila wakipita hapa nje wanapumua kwa sauti makusudi, ili nisikie. Susan hakupumua tu. Alisema uso kwa uso ati nimefunga mkono wa mjukuu, na sasa hata mashine yangu imeingia kwenye kifungo, maana nayo ni injini. Nikamfukuza na yeye.

Wewe ni mtoto wa kwetu, sina haja ya kukueleza. Mkubwa akiweka hasira moyoni juu ya mdogo wake, hata asiposema, mdogo haoni njia. Atalima, mahindi yatakauka. Atafuga, ng'ombe hatashika mimba. Na mimi sikuweka moyoni tu, nilitamka. Dawa yake wazee waliijua. Mwenye hasira huchukua maji ya miwa kinywani, akayapuliza nje, akasema ninaitoa, imetoka, mtoto apone. Ndiko kutasa huko. Lakini mimi ni mwanamke wa kanisa, nimeshasema mbele ya akina mama wenzangu kwamba kutasa ni mambo ya zamani. Na nikuambie kweli, hata ningetaka, nisingeweza. Ukitasa na moyo bado umefungwa, yale ni mate tu. Na wangu ulikuwa umefungwa kwa waya. Kila nikikumbuka nilivyolala pale juu ya magunia, ulikuwa unajikaza upya.

Barua yako ikaja nikiwa hivyo. Niliisoma, nikaona ule mstari, nikaweka barua chini ya mto. Sikukusamehe. Nakwambia ukweli, maana uongo unanichosha kuuandika kuliko ukweli. Nilisema, aende Bomeni apakie ndizi, atajua.

Juzi Mkufu akazaa.

Alizaa kwenye mvua, huko nyuma ya choo, mahali ambapo hata mbwa asingechagua. Ndama alitoka akitetemeka, nikakimbilia ndani kutafuta kitambaa cha kumkaushia. Nyuma ya mlango kuna lile kapu. Ndani yake nilikuwa nimeitupa ile leso ya kijani tangu ile Jumamosi, haijafuliwa wala kukunjwa, maana sikutaka kuiona. Nikaivuta, nikaenda nayo, nikaanza kumsugua ndama. Nikimsugua hivi, mkono wangu ukapita hewani. Nikaitandaza leso. Pembe moja haipo.

Haikuchanika kama nguo inayochanika kwenye mti au kwenye msumari. Ilikuwa imetafunwa. Ukingo wake umejaa grisi nyeusi, na juu ya grisi kuna alama za meno, ndogo ndogo, zimepangika. Nikayatazama yale meno. Nimeyaona kila siku miaka yote hii. Ni vile vibanio vya chuma vinavyounga mkanda wa mashine.

Nilimwacha ndama na mama yake, nikaenda na mvua yangu kichwani nikafungua kufuli. Nikapiga magoti, na goti langu walijua lilivyo, nikaangalia pale mkanda unapozunguka. Kile kipande cha leso yangu kilikuwa pale, kimejisokota kwenye chuma, kimekazwa kama kamba ya mbuzi. Ilibidi nikikate kwa kisu.

Crispus. Leso ile nilikuwa nimejitanda begani na kuizungusha shingoni.

Wamkumbuka yule mama wa kule bondeni, ambaye mkanda ulimshika kanga? Walimzika akiwa amefunikwa uso. Wewe ulikuwa mdogo, lakini nilikupeleka, ukaniuliza kwa nini hawatufungulii tumwone. Sikukujibu siku ile. Kumbe ulijijibu mwenyewe.

Nilikaa pale kwenye sakafu ya mashine, nimeshika kale kapande, mpaka Susan akaja kuuliza kwa nini ng'ombe wangu anamlamba ndama peke yake kwenye mvua. Nikamwonyesha. Akatazama kipande, akatazama mkanda, akatazama shingo yangu. Nakwambia siku hiyo Susan hakuwa na neno. Nilidhani ataugua.

Sasa nikuulize, mwana wa watu, mdomo ulipewa wa kulia viazi tu? Kwa nini hukusema? Ulisimama pale ukinyeshewa maneno, nawe wajua ulichokifanya, ukanyamaza. Umeniandikia kurasa mbili, umepata nafasi ya kueleza habari za mahamri, na hilo hukulieleza. Ukaomba msamaha kwa kuniokoa. Susan anasema ulinyamaza kwa kuwa nilikuwa nimeshatamka, na mdogo habishani na neno la mkubwa. Mimi nasema ulinyamaza kwa kuwa wewe ni wangu, kichwa kigumu, ungali unadhani mtu mwenye haki hana haja ya kujitetea. Huo ugonjwa nimekupa mimi, na dawa yake sina.

Lile neno nililisema mbele ya watu, kwa hiyo haikufaa kulirudisha gizani. Nikamtuma Susan awaite wale wale waliokuwa kwenye mstari siku ya harusi. Jana mchana walikuja. Nikawa nimekamua miwa kwenye kibuyu cha babu yako. Nikasimama mlangoni mwa mashine, leso iliyotafunwa mkononi ili kila mtu aione, nikaeleza kilichotokea, kwa urefu, bila kujipunguzia. Nikachukua maji ya miwa kinywani, nikapuliza.

Haikutoka. Niliisikia kwamba haikutoka. Yalikuwa mate matamu tu. Nikasimama pale nimepumbaa, watu wananitazama, na ndama analia huko nyuma. Kisha nikajua. Juu yako sikuwa na hasira tena hata chembe. Iliyobaki ilikuwa ya kule kucheka. Nikageuka nikawaambia mlicheka. Nilianguka mbele yenu nikiwa mwanamke mzima, na mkacheka, na wewe Susan ndiye uliyeanza. Kilichoniuma si kusukumwa. Niliumia kuonwa nikiwa chini, nami nikamlipisha mtoto kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Susan akaangalia miguu yake. Kisha akaja akashika kibuyu pamoja nami, bila mimi kumwambia.

Nikachukua mara ya pili. Nikapuliza. Hiyo ilitoka. Siwezi kukueleza ilivyo, ila wewe huwa unasema unajua boliti iliyokuwa imekwama kabla hata haijazunguka, kwa jinsi spana inavyolegea mkononi. Ni hivyo. Nikasema mkono ulionisukuma ndio ulioniacha hai. Mkono ule uwe na nguvu. Uwashe kila injini utakayoishika, ya maskini na ya tajiri. Wote wakaitikia. Mchungaji akisikia akaniuliza, nitamwambia nilikuwa naomba na koo lilikuwa limekauka.

Sasa sikiliza hili, na usinicheke.

Wanawake walikuwepo, madebe wengine walikuwa wamekuja nayo kwa matumaini, na mimi nilikuwa na moyo mwepesi na spana mbili zako za zamani. Nikakumbuka. Likizo ya Aprili ulikaa na mimi jikoni tukimenya viazi, ukanieleza injini ya dizeli ina wivu, haitaki kuchangia njia yake na hewa. Filta ikifunguliwa, hewa huingia kwenye paipu, na ikishaingia injini itawaka kidogo ikudanganye, kisha izime. Ukaniambia ni lazima ulegeze ile nati iliyo juu ya filta, upige pampu ndogo kwa kidole gumba, povu litoke, litoke, usichoke, mpaka dizeli ije safi bila povu, ndipo ukaze. Ulinieleza kwa kiazi na kisu. Nilikuwa nakusikiliza nusu tu, nikitazama unavyomenya maganda manene. Lakini nusu niliyosikia ilikaa.

Basi nikalegeza. Nikapiga pampu. Na povu likatoka, Crispus! Likatoka likifoka kama uji uliosahaulika jikoni. Nikaendelea, kidole kikafa ganzi, Susan akapokea, povu likaja kidogo, likaja moja moja, kisha dizeli tupu. Nikakaza nati. Tukashika hendeli wawili, mimi na Susan, vikongwe viwili, leso tumezifunga kiunoni mafundo mawili mawili kama wacheza mieleka. Tukazungusha, injini ikapiga mara moja, ikafikiri, ikapiga tena, moshi mweusi ukatoka, ukawa wa kijivu, ukaisha. Ikanguruma. Haikuzima. Vigelegele vilivyopigwa nasikia vilisikika hadi kwa Donald, naye akadhani kuna binti mwingine anaolewa.

Debe la kwanza nilimwachia Susan amwage. Usiulize sababu.

Kwa hiyo mimi nyanya yako, wa darasa la tatu, nimewasha injini ya dizeli, na aliyenifundisha ni wewe. Unasema wewe huna mkono? Mkono wako umenifikia huku kutoka Voi. Ila povu lile nimeliona kwa macho yangu, na limeniambia jambo jingine. Siku ya harusi hukuitoa hewa yote. Wanawake walipoanza kunong'ona ukaharakisha, ukakaza nati kabla ya wakati. Hilo si neno langu lililofanya, maana ulikaza kabla sijatamka kitu. Hilo ni lako. Mimi nimetoa ya kwangu mbele ya watu, na wewe toa ya kwako mbele ya Mwalimu Musyimi.

Utakwenda kwenye mtihani. Sikuulizi. Sylus nimeshampelekea habari kwamba ukitokea Bomeni asikupe hata ndizi ya kula, na Sylus aniogopa tangu akiwa kwenye mgongo wangu. Asubuhi ya mtihani utakula, hata kama tumbo halitaki. Utanawa mikono, ingawa itachafuka. Utaishika ile injini kama kitu chako. Watu wakinong'ona nyuma yako, hata yule wa serikali akitazama saa yake, waache wanong'one. Toa povu mpaka liishe. Na nikuonye mapema. Kifungo hakipo tena. Injini ikikataa safari hii, usiniandikie habari za moyo wa nyanya. Tafuta nati uliyoisahau.

Mletaji wa barua hii ana kifurushi chako. Kuna viazi vitamu, kuna parachichi, mpe Mama Khamisa yaliyo makubwa. Na kuna leso ya kijani. Nimeifua damu ya ndama ikatoka, grisi ikakataa, nikaiacha. Kile kipande kilichosokotwa kwenye chuma nimekibakiza. Nimekipigilia msumari kwenye mlango wa mashine, na mwanamke yeyote anayekuja na nguo inayoning'inia namwonyesha kwa kidole, simwambii neno. Hii iliyobaki ni yako. Itie kwenye mfuko wa nyuma wa ovaroli, kama nilivyowaona mafundi wakifanya. Injini ikishawaka mbele ya huyo mtu wa serikali, itoe, ujipangusie mikono yote miwili, polepole, mbele yao. Desemba uje nayo. Usiifue. Nataka kuiona ikiwa nyeusi.

Na siku hiyo ukifika usipite moja kwa moja jikoni. Uje kwanza uinamishe kichwa, maana mara ile uliondoka bila kushikwa, na huu mkono wangu umekaa tangu Agosti ukiwa na deni la kichwa chako.

Susan anakusalimu, anasema hatacheka tena, lakini mimi namjua. Donald anakusalimu. Mkufu na mwanawe wanakusalimu kwa njia yao. Msalimie Mama Khamisa na wote wa nyumba yake, Mwalimu Musyimi, na huyo msichana wa spana. Mungu akulinde barabarani na karibu na kila kitu kinachozunguka.

Mimi nyanya yako, niliyekuvumilia tangu hujaota meno,

Jedidah
mwenye mashine